Maswali ya Wasomaji: Gurudumu la Mbele na Breki Zake

Swali: Rimu ya mbele ya pikipiki yangu ilipinda, nikanunua gurudumu zima lililotumika, la breki ya diski kama la kwanza. Ekseli imeingia vizuri, ila nikikaza nati gurudumu linakuwa zito. Nikiilegeza kidogo linazunguka vizuri. Kwa sasa nimeiacha ikiwa imelegea nusu mzunguko. Naweza kuendelea hivyo?

Jibu: Hapana, na tunakuomba usiitoe pikipiki hiyo mpaka hili limalizike. Nati ya ekseli hukazwa kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, na ikishakazwa gurudumu linatakiwa kubaki jepesi vilevile. Likiwa zito, kuna kitu kinabanwa kisichotakiwa kubanwa.

Anza na bushi ndefu, yaani kipande cha bomba kinachokaa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), katikati ya beringi mbili. Nati ikikazwa, nguvu hutoka mguu mmoja wa shokapu, ikapita kwenye bushi ya nje, ringi ya ndani ya beringi, bushi ndefu, ringi ya ndani ya beringi ya pili, hadi mguu wa pili. Bushi ndefu isipokuwepo, au ikiwa fupi, ringi za ndani zinasukumwa kuelekeana na gololi zinakandamizwa ubavuni mwa njia yake. Beringi inachemka, inalika haraka, na ikivunjika safarini gurudumu linaweza kukwama ghafla. Katika magurudumu yaliyotumika, bushi hii hupotea kirahisi: beringi zikigongwa kutoka, yenyewe inadondoka, na anayerudisha beringi haikumbuki.

Toa gurudumu, mulika tochi kwenye tundu la beringi. Ukuta wa bushi unatakiwa kuanza pale pale ringi ya ndani inapoishia. Ukiona uwazi mpana wa habu, bushi haipo. Usilitupe gurudumu la zamani: kama habu zote mbili ni za aina moja, bushi yake ndiyo unayoihitaji. Usikubali kukatiwa kipande cha bomba kwa kukadiria, maana hata milimita moja pungufu inarudisha tatizo lilelile.

Kuirudisha kunahitaji kutoa beringi, na beringi iliyotolewa kwa kugongwa ringi ya ndani hairudishwi. Nunua mbili mpya kwa namba iliyoandikwa ubavuni. Kwa mfano, 6301 ina tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje 37, na 6302 ni 15 kwa 42. Gonga ringi ya nje peke yake, kwa soketi yenye kipenyo kinachokaribia cha beringi. Ya kwanza ifike mpaka kwenye ukingo wake ndani ya habu, weka bushi, kisha ya pili ishuke mpaka iguse bushi tu. Ukizidisha hapo, ringi ya ndani inazuiwa na bushi huku ya nje ikiendelea kushuka, na beringi mpya inaanza maisha ikiwa imebanwa.

Kama bushi ipo, tazama kiboksi cha gia ya spidomita, kile kinachokaa ubavuni mwa habu na kuzungusha waya wa spidi. Masikio yake lazima yazame kwenye nafasi zake ndani ya habu. Yakikaa juu juu, nati ikikazwa yanapondwa na dalili ni hiyo hiyo ya uzito.

Wakati wa kufunga, paka ekseli grisi nyembamba na uhakikishe mshale wa tairi unaelekea upande gurudumu linakozunguka pikipiki ikienda mbele. Kaza nati ya ekseli, shika breki ya mbele, dundisha shokapu mara nne au tano ili miguu ijipange yenyewe, ndipo ukaze bolti inayobana ekseli chini ya shokapu. Diski ikikwaruza mabano ya kalipa (kile kinachobeba pedi na kubana diski) upande mmoja, usiongeze washa kusogeza gurudumu. Habu hiyo si ya pikipiki yako, au bushi za nje zimebadilishana pande.

Swali: Nimeweka pedi mpya na hozi mpya ya breki. Mkono wa breki unaingia mpaka unagusa gripu. Tatizo ni masta?

Jibu: Usiilaumu masta, ile pampu ya breki iliyo kwenye usukani, bado. Pistoni za kalipa zilirudishwa ndani ulipoweka pedi, kwa hiyo pampu taratibu mara kumi hivi kwanza. Mkono ukibaki laini kama sponji, ni hewa.

Weka oili ya breki ya daraja lililoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha oili cha masta, mara nyingi DOT 4, kutoka chupa iliyofungwa. Chomeka mrija wa mpira unaoonyesha ndani kwenye nipeli ya kalipa (skrubu ya kutolea hewa), ncha ya pili izame kwenye oili ndani ya chombo. Bonyeza mkono, ushikilie, fungua nipeli robo mzunguko, funga, ndipo uachie. Ukiachia kabla ya kufunga, unavuta hewa upya. Kikopo kisikauke hata mara moja.

Mapovu yakiisha na mkono bado laini, hewa imejificha juu kabisa, kwenye bolti ya hozi pale masta. Funika tangi kwa kitambaa, maana oili hii inababua rangi. Bonyeza mkono, legeza bolti hiyo kidogo, kaza, achia. Washa za shaba za pande zote mbili za hozi ziwe mpya. Wala asikudanganye mtu kuongeza oili ya injini: mpira wa pistoni utavimba na breki itakataa kuachia.

Swali: Gurudumu langu ni la dramu. Breki shuu ni mpya lakini inashika kidogo tu.

Jibu: Kabla ya yote, hakikisha kijino cha mguu wa shokapu kimeingia kwenye mfereji wa sahani ya breki, ile inayofunika dramu na kubeba breki shuu. Kikiwa nje, ukishika breki sahani inazunguka na gurudumu, na utaruka juu ya usukani.

Kisha legeza nati ya ekseli, shika breki kwa nguvu, na uikaze huku umeishika hivyo. Breki shuu zinajiweka katikati ya dramu na kugusa eneo kubwa zaidi. Mwisho tazama kile kimkono kinachovutwa na waya: breki ikishika, kifanye na waya pembe ya karibu nyuzi 90. Kikipita hapo nguvu inapungua, hivyo kichomoe na ukirudishe jino moja nyuma.