Umeme au petroli? Shemeji anaringa sana

SWALI: Mhariri mambo vipi, mi nina gari la petroli na shemeji yangu kanunua la umeme, sasa kila tukikutana ni kelele tu, eti akichaji ful analipa hela ambayo haifiki hata nusu ya tenki langu. Juzi tukasafiri pamoja safari ndefu akachaji njiani kwenye zile mashine za haraka, nikachungulia bili nikacheka peke yangu maana alilipa karibu sawa na mimi. Sasa ukweli ni upi, umeme ni rahisi kweli au ananipiga kamba?
Aliyechoka na Shemeji

JIBU: Pole. Kwanza huyo shemeji analinganisha chaji ful na tenki ful, hapo ndo anakuonea. Tuseme betri yake ni ya uniti 50, uniti ndo ileile kilowati-saa unayolipia umeme wa nyumbani. Gari la umeme la kawaida linakula kama uniti 17 hivi kwa kilomita 100, kwahiyo ful yake inamfikisha karibu kilomita 300 basi. We una tenki la lita 45, gari linakula lita 7 kwa kilomita 100, unafika 640. Yani yeye analipia 300 we unalipia 640 halafu anakuringia! Pimeni kwa kilomita 100 zilezile.

Shika kalamu. Petroli, bei ya lita mara 7. Umeme, bei ya uniti mara 20. Najua nimetoka kusema 17, hizo 3 za juu ndo zinapotea wakati wa kuchaji, chaja inapata moto, waya unapata moto, betri nayo hivohivo, na mita ya ukutani inahesabu vyote haina huruma, dashibodi ya gari haikwambii hilo. Sasa 7 gawa kwa 20 ni 0.35, theluthi na kachenji kidogo. Kwahiyo kama uniti moja inauzwa chini ya theluthi ya bei ya lita, shemeji kashinda na umwache aringe, ikipita hapo we endelea na petroli yako kimyakimya.

Utauliza mbona umeme unaanza mbele hivo. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9, kwahiyo lita zako 7 ni uniti 60 na kitu, na mwenzio anatumia 17 kwa safari hiyohiyo. Injini yako inachoma yote ila robo tu hivi ndo inafika kwenye matairi, iliyobaki ni joto, ukishapaki weka kiganja juu ya boneti utaisikia hela yako inavopaa (kwenye ekzosi usijaribu tafadhali). Mota ya umeme haina huo ufujaji, sehemu kubwa ya umeme inaenda kusukuma gari.

Turudi kwenye ile bili uliyoichekea. Mashine za haraka ni mitambo ya gharama kubwa na mwenye nayo lazima arudishe hela yake, ndo maana uniti pale mara nyingi ni ghali kuliko ya nyumbani, kuna mahali inafika mara mbili na zaidi. Halafu kwenye barabara ndefu kwa spidi gari lake linakula zaidi ya hizo 17 sababu ya kupambana na upepo, wakati la kwako hapo ndo linapumua. Foleni ni kinyume chake, we umesimama injini inanguruma mafuta yanaisha, yeye akisimama mota imetulia, na akikanyaga breki mota inageuka jenereta inarudisha umeme kidogo kwenye betri. Kwahiyo ulimkamata siku yake mbaya kabisa, spidi, safari ndefu na mashine ya haraka vyote kwa pamoja. Mngoje siku ya foleni, tena gari limelala linachaji nyumbani usiku kucha, ndo utajua mbona anaringa.

SWALI: Mi nina haibridi, gari la petroli lenye mota ya umeme ya kusaidia injini, ile ya kawaida isiyochomekwa kwenye umeme. Hiyo hesabu ya theluthi na mimi inanihusu?

JIBU: Inakuhusu ila toa 7 weka lita zako. Nyingi za aina hiyo zinakula kama 4 na nusu, kwahiyo theluthi inashuka inakua chini kidogo ya robo, yani umeme lazima uwe rahisi zaidi ndo ukupite. Na usiamini namba za kwenye broshua. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, endesha wiki mbili kama kawaida yako, jaza tena mpaka ikate, lita zilizoingia gawa kwa kilomita ulizotembea kisha zidisha kwa 100. Wa umeme naye asome mita ya ukutani, sio dashibodi.