Dracula: Mkabaila au Bepari?

SWALI: Mhariri, Dracula, mnyonya damu katika riwaya ya Bram Stoker (1897), ni mkabaila, yaani bwana wa ardhi wa zama za kale; je, uhakiki wa Kimarx, unaosoma fasihi kwa jicho la matabaka na kumlenga bepari, unamfaa?

JIBU: Unamfaa sana, kwa kuwa Marx mwenyewe, katika Das Kapital (1867), alifananisha mtaji na mnyonya damu anayeishi kwa kufyonza kazi ya walio hai. Isitoshe, Dracula haishi kama mkabaila: ndani ya ngome yake hamna mtumishi, na London anaingia kwa kununua nyumba kupitia wakili. Soma hasa pale kisu cha Harker, wakili kijana anayemwinda, kinapopasua koti la Dracula: zinamwagika noti na sarafu za dhahabu, naye anachota fedha kabla ya kuruka dirishani. Hata hivyo, wawindaji wake nao wachunguzwe, maana Mina, mke wa Harker, anashukuru waziwazi kwamba wenzao Lord Godalming na Morris ni matajiri.