Meli ikimwaga mafuta usiku nani ataiona?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mvuvi mstaafu. Nasikia bunge linataka kupitisha sheria ya meli zinazochafua bahari. Hivi nchi si ilishasaini mkataba wa dunia, sheria nyingine ya nini tena? Na hata ikipita, meli ikimwaga oili chafu usiku huko mbali nani ataiona? Mi naona tunapoteza muda tu.

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mkataba unaousema ni MARPOL, wa 1973, ukaongezewa itifaki 1978, ukaanza kazi 1983. Kilichowashtua wakubwa mpaka wakakaa chini ni meli ya Torrey Canyon iliyogonga mwamba 1967 kusini magharibi mwa Uingereza ikamwaga zaidi ya tani laki moja za mafuta ghafi. Sasa huo mkataba hauna polisi wala mahakama. Unakwambia plastiki marufuku kutupwa baharini popote pale, maji machafu ya chumba cha injini yachujwe mpaka mafuta yasizidi sehemu 15 kwa milioni ndo yamwagwe, tena meli ikiwa safarini, ila faini ni kiasi gani, nani apande melini kukagua, kesi isikilizwe wapi, hayo nchi inajiandikia yenyewe, na nchi nyingi hakimu hamtozi mtu faini kwa mkataba mtupu, anataka kifungu cha sheria.

Swali lako la usiku ndo tamu. Ni kweli, mara nyingi hakuna anayeona (setilaiti zinasaidia kidogo, basi). Injinia asiyetaka gharama anaunga bomba la pembeni linaloruka ule mtambo wa kuchuja, mabaharia wanaliita bomba la mazingaombwe, uchafu unaenda moja kwa moja baharini na asubuhi bomba limeshang'olewa limefichwa. Lakini kila meli kubwa lazima iwe na daftari la mafuta, kila kilichochujwa, kilichochomwa au kilichoshushwa bandarini kinaandikwa humo, na akiingia mkaguzi anayejua kazi anapiga hesabu, injini hii imetembea siku kadhaa, uchafu wake uko wapi?

Na hapa ndo sheria ya nyumbani inapotakiwa kuwa janja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria ya bahari wa 1982 unasema meli ya kigeni ikichafua nje ya maji yako ya ndani kabisa, yaani kama bandarini, unaitoza hela tu, humfungi mtu, labda awe amechafua vibaya kwa makusudi ndani ya bahari yako ya karibu na pwani. Wamarekani wakapita mlango mwingine: ukija bandarini kwangu na daftari la uongo, huo uongo ni kosa lako hapa hapa, na mainjinia wamefungwa kwa hilo. Pia hakimu kwao anaweza kumpa aliyetoa siri mpaka nusu ya faini. Mwaka 2013 injinia mgeni kazini kwenye meli ya watalii Caribbean Princess aliona hilo bomba, meli ilipofika Southampton, Uingereza, akaacha kazi akaripoti, na 2016 kampuni ya meli hiyo ikakubali huko Marekani kulipa dola milioni 40. Kwahiyo usiku kuna anayeona mzee, ni baharia wa ndani, shida ni kama sheria inamlinda au inamwacha apoteze mkate wake.

Kwa hiyo muswada ukitoka mi nisingehangaika sana na ukubwa wa faini, wanasiasa wanapenda kutaja tarakimu kubwa halafu basi. Ningeangalia hicho kifungu cha mtoa taarifa, halafu kingine ambacho watu wanakiruka kwasababu hakina mvuto: bandari ina mahali pa kupokea oili chafu na takataka za meli au haina? MARPOL yenyewe inaidai nchi hilo. Meli ikifika ikaambiwa hakuna pa kushushia, au ipo lakini usubiri siku tatu na bei ya kuumiza, we unadhani yule injinia usiku atafanya nini?