Wasomaji wanauliza: Kitoto cha miezi 7 ni abiria?

SWALI: Kila asubuhi napita Périphérique, barabara ya mzunguko ya Paris, kumpeleka mwanangu wa miezi 7 kwa mlezi. Tuko wawili tu, kiti chake kinatazama nyuma na vioo vya nyuma vina tinti. Naruhusiwa leni ya kushoto, ile iliyotengwa kwa magari yenye watu wawili au zaidi? Kamera itamwonaje?
Mama Zuhura, Montreuil

JIBU: Unaruhusiwa. Sharti ni watu wawili garini, dereva akiwemo, na kichanga ni mtu. Mbwa si mtu. Leni hiyo hutengwa pale tu alama ya almasi nyeupe inapowaka: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1:00 hadi 4:30 asubuhi, na saa 10 jioni hadi 2 usiku. Ikizimwa, ni leni ya kila mtu.

Kuhusu kamera, wasiwasi wako una msingi. Kamera za kuhesabu abiria hupiga picha kwa mwanga wa infraredi, ambao hupenya tinti ya rangi tu, lakini hurudishwa na tinti yenye chembe za chuma. Tena programu hutafuta vichwa na nyuso. Kwenye kiti kinachotazama nyuma inakutana na mgongo wa kiti. Kwa hiyo gari lako linaweza kabisa kuhesabiwa lina mtu mmoja. Bahati nzuri, mfumo hauandiki faini wenyewe: picha hupitiwa na askari kwanza. Msaidie: usifunike kiti kwa kanga wala pazia la jua. Vioo vya mbele sheria ya Ufaransa inataka vipitishe mwanga asilimia 70 au zaidi; vya nyuma ni hiari yako.

Barua ikija hata hivyo (huja kwa jina lililo kwenye kadi ya gari), usilipe kwanza, maana kulipa ni kukubali kosa. Faini ni yuro 135, 90 ukiwahi, 375 ukichelewa. Pinga ndani ya siku 45 kwenye tovuti ya ANTAI, shirika la serikali ya Ufaransa linaloshughulikia faini, ukiambatisha karatasi ya mlezi yenye tarehe na saa uliyomfikisha mtoto. Cheti cha kuzaliwa peke yake hakithibitishi kwamba alikuwa garini.

SWALI: Na pikipiki? Na lori letu la tani 5, tuko watatu?
Fundi, Saint-Denis

JIBU: Pikipiki ikiwa na abiria, sawa, peke yako, hapana. Lori la zaidi ya tani 3.5 haliingii, hata mkijaa.