Kamera, gari na milima: majibu kwa wasomaji wa Dar

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba mtu wa Dar mwenye gari, kamera na siku nne za mapumziko anayo milima mikubwa ya kupiga picha bila kupanda ndege. Maswali yamemiminika. Nimechukua yale yanayowagusa wengi, na moja ambalo lazima nilisemee kwa ukali kidogo.

Shikamoo. Tuko vijana wanne, tuna siku nne kuanzia Saba Saba. Tumepanga Mikumi siku ya kwanza, Udzungwa ya pili, Lushoto ya tatu, ya nne turudi. Inawezekana? (Tabata)

Marahaba wanangu. Kufika mtafika, ila mtarudi na picha za barabara zilizopigwa kupitia kioo. Angalieni ramani tena: kutoka Mang'ula, lilipo lango la Udzungwa, mpaka Lushoto mnarudi Mikumi, Morogoro, Chalinze, halafu mnapinda kwenda Segera na Mombo. Hizo ni zaidi ya kilomita 400, kila kijiji mnashuka hadi spidi 50, na askari wa tochi za kupimia spidi hawana likizo. Siku ya tatu yote imeliwa na usukani.

Chagueni upande mmoja mkae nao. Mkiniuliza mimi, nendeni Lushoto, kwenye milima ya Usambara, kwa sababu Julai kule kumekauka, njia hazina tope, na baridi ya kipupwe inawafanya mbega watoke kuota jua asubuhi. Kutoka Dar ni kama kilomita 360. Tokeni saa kumi alfajiri. Ninyi wa Tabata njia yenu ni barabara ya Morogoro mpaka Chalinze, lakini wasomaji wa Tegeta na Bunju wapite Bagamoyo watokee Msata, wayaepuke malori ya Kibaha. Kuleni Korogwe au Mombo, kisha muanze kupanda mapema, maana zile kilomita 33 za Mombo hadi Lushoto ndiyo picha ya kwanza ya safari. Maporomoko ya Soni yako pale pale kando ya barabara. Egesheni vizuri, mshuke, mkae nusu saa. Na kama mna muda wa kuongea na wazee, Vuga haiko mbali na Soni: ndiko yalikokuwa makao ya Wakilindi, ukoo ambao Wasambaa husimulia kuwa ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka nchi ya Wanguu. Picha ya kilima inakuwa nyingine ukishajua nani alikaa juu yake.

Siku ya pili, alfajiri iwe ya msitu wa Magamba na jioni iwe ya ukingo wa mlima wa Irente. Msibadilishe. Wageni wengi huenda Irente asubuhi, wakakuta ukungu umefunika kila kitu, wakapiga picha ya weupe mtupu wakaondoka. Nendeni saa tisa alasiri mkae. Chini yenu, kama mita elfu moja kushuka, kuna Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari, na tambarare inayokwenda mpaka macho yachoke. Kuanzia saa kumi na moja jua linalala, kila mstari wa mkonge unapata kivuli chake, na moshi wa majiko unasimama wima. Dakika ishirini hivi ndizo mlizoendea. Siku ya tatu nendeni Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa mlima, hifadhi ya Mkomazi ikiwa chini yake. Mlale huko, mshuke siku ya nne.

Mikumi na Udzungwa ziwe safari yake nyingine. Udzungwa haina barabara za magari ndani ya hifadhi, ni miguu tu, na kupanda maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha kama mita 170, kunataka saa kadhaa na magoti yenye afya.

Nina gari dogo, Toyota IST. Mume wangu anasema bila kukodi gari kubwa hatufiki Lushoto. Nani yuko sahihi? (Kimara)

Dada, kwa Lushoto mjini wewe uko sahihi. Ni lami mwanzo mwisho. Shemeji naye ana hoja yake mkitaka kwenda Mtae wakati wa mvua, maana huko lami inaisha na tope la milimani halina huruma na gari la chini.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni breki zenu. Kabla ya safari mpeleke gari kwa fundi, afungue matairi manne aziangalie pedi kwa macho, asiwaambie tu "ziko poa mama". Aangalie na mafuta ya breki, maji ya rejeta, na tairi la akiba kama lina upepo. Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja nililipia gari likaguliwe katika gereji moja hapa mjini, nikaambiwa kila kitu sawa, na tulipokuwa tunashuka kutoka Soni pedali ikaanza kuwa laini chini ya mguu. Tuliteremka taratibu kwa gia mpaka tukapata pa kuegesha, tukakaa saa nzima tukisubiri magurudumu yapoe. Harufu ya breki zilizoungua ukishaisikia mara moja huisahau.

Wakati wa kushuka, toa gia ya otomatiki kwenye D, weka 2 au L, injini ndiyo ilizuie gari. Mguu uguse breki kwa vipindi, usiulaze pale. Piga honi kila kona isiyoonyesha mbele. Jioni malori ya kabeji, karoti na nyanya yanashuka kuwahi masoko ya Dar, yamejaa mpaka juu, na dereva wake anaijua njia kuliko wewe. Mpishe.

Nilipiga picha za mbega Magamba kwa lenzi ya 70–300. Nusu zimetoka vivuli vyeusi, nusu zile nywele nyeupe za mabegani zimeungua. Kamera ni mbovu? (Mbezi Beach)

Kamera ni nzima. Inachofanya ni kubahatisha. Mbega ni mweusi tii mwenye manyoya meupe marefu mabegani, na yeye mwenyewe yuko kwenye msitu wa giza. Kamera ikiona weusi mwingi inadhani hakuna mwanga, inaongeza, weupe unaungua. Mbega huyo huyo akipanda tawi la juu mwenye mbingu nyuma yake, kamera inaona mwanga mwingi mno, inapunguza, naye anakuwa kivuli.

Kwa hiyo mwambie wewe. Akiwa ndani ya majani, punguza mwanga kwa kitufe cha +/- cha kamera, theluthi mbili ya hatua au hatua nzima. Akiwa juu na mbingu nyuma, ongeza hatua moja au mbili, au msubiri ashuke. Mimi husubiri. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga, 1600 hata 3200. Picha yenye chengachenga ina nafuu kuliko iliyotikisika, na kwa lenzi ya 300 usishuke chini ya kasi ya 1/500 ya sekunde kama unashika kwa mkono.

La pili ni subira ya mwili. Mbega wakikuona wanatulia, wanajificha nyuma ya shina, unabaki na mkia tu unaning'inia. Kaa chini. Kaa kweli, makalio ardhini, dakika ishirini, bila kuongea. Ataanza mdogo kuchungulia. Baadaye mkubwa ataendelea kula, utasikia majani yanavyochanwa, na akiamua kuruka kwenda mti wa pili atatanguliza mikono, manyoya meupe yanafunguka kama shali. Lenzi yako iwe imeshaelekea pengo lililo kati ya miti hiyo miwili kabla hajaruka. Ukianza kumfuata akiwa hewani umeshachelewa.

Na uingie na mwongozo wa pale pale. Magamba ni hifadhi iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna ada, na vijana wanaoongoza wanajua asubuhi ya leo kundi liko bonde gani.

Lenzi yangu inaota ukungu ndani. Nimeambiwa niitupe. (Upanga)

Usiitupe, mpelekee fundi wa kamera aione, ukungu mchanga husafishika. Hewa ya Dar ina unyevu wa bahari mwaka mzima, na kabati la nguo lisilopitisha hewa ndilo linaloulea. Tafuta ndoo au kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka ndani vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, ufungie lenzi humo.

Safarini kuna adha nyingine. Ukishuka kutoka baridi ya Lushoto, au ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, kioo cha lenzi ni baridi na hewa ya nje ni moto, basi kinatoa jasho kama chupa ya soda. Nilikosa hondohondo wawili namna hiyo pale Muheza, wametua mtini juu yangu na mashavu yao ya fedha, nami nafuta lenzi na pindo la shati na inarudi kuwa nyeupe. Sasa nafunga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuteremka, siufungui mpaka ipate joto la huko chini, na kilomita chache kabla ya kusimama nazima kiyoyozi nafungua madirisha.

Naruhusiwa kurusha droni? (Sinza)

Si kwa kujiamulia. Droni inataka usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kibali cha upande wa ulinzi pia. Ndani ya hifadhi za taifa usithubutu bila ruhusa ya TANAPA, shirika linalozisimamia. Kama huna karatasi hizo mkononi, iache nyumbani.

Sina kamera, nina simu tu. Niende nikapige nini? (Mbagala)

Vidogo na vikubwa mno. Simu inashindwa na mnyama aliye mbali, lakini ua la sentimita tatu au bonde zima inaviweza kabisa. Nenda Amani, Usambara ya Mashariki, kwa njia ya Muheza. Kule miambani penye kivuli na unyevu huota ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya, lile Wazungu wanaloliita African violet. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala Tanga, alilipeleka kwao, na leo limo kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, watu wanalinunua bila kujua kuwa ni la kwetu. Piga magoti, futa kioo cha simu kwa kitambaa safi (hatua hii wengi wanairuka), gusa ua kwenye skrini, kinga jua kwa mwili wako. Usiling'oe.

Usiku, ukiwa na mwongozo na tochi, angalia ncha za matawi. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, anang'aa kama jani kavu kwenye mwanga wa tochi, na hajifichi. Elekeza tochi pembeni, si machoni, piga mbili tatu, mwache alale.

Watoto walituletea kinyonga kwenye kijiti, wakataka elfu mbili ya picha. Tulitoa. Tulikosea? (Kigamboni)

Ndiyo, mlikosea, ingawa najua mlitoa kwa moyo mwema. Elfu mbili ile inamwambia mtoto kesho akatafute wengine watatu, awafungie kwenye kopo wangojee gari lijalo. Kinyonga aliyeshikwa hubadilika rangi kuwa mweusimweusi, anafumbua mdomo. Watu hudhani anapendeza, kumbe ameogopa. Ninyi mmepata picha ya mnyama aliye kwenye mateso.

Wakija tena, waulizeni walimtoa wapi, mwende nao mkamrudishe kwenye kichaka kile kile. Kisha waombeni wawaonyeshe mwingine bila kumgusa, na hiyo elfu mbili wapeni kwa macho yao makali. Nimefanya hivyo mara nyingi. Watoto wa milimani wanaona vitu ambavyo sisi wa lami tunavipita.

Mimi na mwenzangu tuna Jumamosi na Jumapili tu, na gari hatuna. (Ilala)

Treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, mpaka Morogoro, ilianza safari hizo 2024 na inatumia chini ya saa mbili. Teremkeni, lala mjini, alfajiri mpande Uluguru kwa miguu kwenda Morningside na mwongozo. Bebeni sweta na maji.

Nimesikia maua ya Kitulo. Kutoka Dar ni wazimu? (Kinondoni)

Ni mbali, kaka, zaidi ya kilomita 700, lakini wazimu si. Igawe safari, ulale Iringa. Njiani una Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50. Usisimame barabarani kupiga tembo huku malori yakiwa nyuma yako. Ingia langoni, lipa kwa namba ya malipo utakayopewa, upige kwa utulivu. Kuna vibao vya faini ya kila mnyama utakayemgonga, visome kabla ya kukanyaga mafuta. Baadaye unakuja bonde la mibuyu kando ya Ruaha, kisha mlima Kitonga.

Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa 2005, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Iko juu, mita 2,600 hivi, na maua yake ni ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Hapo ndipo penye mtihani: njia ya kupandia kutoka Chimala inaitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, na mvua ile ile inayoleta maua inaifanya iteleze. Kwa hiyo hapa IST haiendi. Kodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne Mbeya au Chimala pamoja na dereva wa huko, panda asubuhi anga likiwa wazi, na ubebe gunia la kulalia, maana okidi za Kitulo nyingi hazifiki magotini na picha yake hupigwa ukiwa umelala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande.