Kabla Hujaituhumu Redio ya Chuo Kikuu, Omba Vitabu vya Hesabu

Kwa miaka mitatu nilikuwa mjumbe wa kamati ya ushauri ya wasikilizaji katika redio moja ya umma inayomilikiwa na chuo kikuu cha serikali, katikati ya Marekani, katika mji ambao nimeishi tangu nilipoondoka Morogoro. Katika muda huo redio ile ilituhumiwa kuendeshwa vibaya, wafanyakazi wakagawanyika, wachangiaji wakasitisha michango yao, na mimi niliyeingia kwenye kamati nikidhani kazi yangu ni kutoa maoni juu ya vipindi nikajikuta nikisoma taarifa za fedha hadi usiku wa manane. Nayaandika niliyojifunza kwa ajili ya ndugu zangu walioko huku ambao wanachangia redio za namna hii au wanafanya kazi ndani yake. Tangu Julai 2025, Bunge la Marekani lilipofuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, vituo vingi vimelazimika kujibana, na penye uhaba wa fedha minong'ono haikosi.

Nilianzia chumba cha simu. Mwezi Oktoba, wakati wa kampeni ya michango, tulikuwa tukikaa sita au saba kuzunguka meza ndefu, kila mmoja na simu yake na rundo la fomu, tukipokea ahadi za wasikilizaji huku mtangazaji akihimiza hewani kutoka upande wa pili wa kioo. Siku ya pili alipiga mama mmoja mstaafu, akaahidi dola 10 kwa mwezi. Nilipomaliza kuandika jina na anwani aliniuliza, “Fedha hii itakwenda kwenye habari za mji wetu, sivyo?” Nikamjibu kwamba bila shaka. Sikuwa na msingi wowote wa kumjibu hivyo. Sikujua fedha zile zinaingia akaunti gani, nani anaidhinisha matumizi yake, wala kama redio ilikuwa na mwandishi hata mmoja wa habari za mji. Jibu lile lilinisumbua kwa muda mrefu baadaye.

Kilichozua mgogoro ni wasia. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameiachia redio fedha kwa sharti kwamba zitumike kuajiri na kuwafundisha waandishi vijana wa habari za eneo lile. Mwaka wa kwanza ulipita bila mtu kuajiriwa, wa pili vivyo hivyo. Katika mkutano wa kamati tulipomuuliza mkuu wa kituo, alisema ajira zimesimamishwa na chuo. Tulipouliza upande wa chuo, afisa wa fedha akasema redio ina bajeti yake na mkuu wake ndiye wa kuulizwa. Kati ya majibu hayo mawili ndipo uvumi ulipopata nafasi. Ikasemwa kwamba mkuu wa kituo amekula fedha za marehemu, kwamba alizitumia kwa safari ya mkutano Washington, kwamba ana ndugu yake aliyepewa kandarasi ya mitambo. Nami nilikuwa miongoni mwa walioyabeba maneno hayo. Leo najuta, kwa sababu karatasi zilipopatikana, habari ya safari ilikuwa si kweli kabisa, na huyo ndugu hakuwapo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kujua redio ni ya nani, maana wengi wetu tunakosea hapo. Tunasema “redio yetu” kwa sababu tunaichangia, na watangazaji wenyewe hutuambia hivyo kila kampeni. Lakini leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iko mikononi mwa chuo, mara nyingi kwa jina la bodi yake ya wadhamini. Mkuu wa kituo ni mwajiriwa wa chuo. Mnara, masafa na hata akiba iliyopo benki ni mali ya chuo, isipokuwa pale ambapo kuna taasisi ya marafiki wa redio iliyosajiliwa pembeni.

Wasikilizaji wa KPLU kule Tacoma, jimbo la Washington, waliligundua hili ghafla mnamo Novemba 2015. Chuo chao, Pacific Lutheran University, kilitangaza kuiuza redio kwa University of Washington, mmiliki wa redio nyingine ya umma, KUOW, kwa makubaliano ya thamani ya dola milioni 8. Wasikilizaji na wafanyakazi walipata habari wakati mazungumzo yamekwishafika mbali. Walichofanya ndicho ambacho ningependa kila mwenye hasira akitazame: walipaza sauti, ndiyo, lakini waliunda pia taasisi yao, wakapewa fursa ya kushindana kuinunua, na ilipofika mwisho wa Mei 2016 walikuwa wamekusanya dola milioni 7. Mwezi Agosti mwaka huo redio ikapata jina jipya la KNKX, ikiwa mikononi mwa taasisi ya wananchi. Ni nadra jambo la namna hii kufanikiwa. Hapo liliwezekana kwa kuwa mauzo ya leseni hayakamiliki bila idhini ya FCC, na kwa hiyo kulikuwa na muda wa kufanya kazi kabla mlango haujafungwa.

Jambo la pili, na hapa naomba msomaji avumilie, ni namna hesabu za redio ya chuo zinavyoandikwa. Chuo huipa redio vyumba, umeme, ulinzi, huduma za uhasibu na za mishahara. Thamani ya vitu hivyo huingizwa katika taarifa ya fedha ya redio kama mapato, na papo hapo kama matumizi, ingawa hakuna hata senti moja iliyopita mkononi mwa mtu. Mtu anayeisoma taarifa hiyo mara ya kwanza huona redio yenye mamilioni na kujiuliza kwa nini haina fedha ya kumlipa mwandishi mmoja. Mbaya zaidi ni kwamba kwa miaka mingi ruzuku ya CPB, shirika lililokuwa likigawa fedha za serikali kuu kwa redio na televisheni za umma, ilikokotolewa kwa kutazama kiasi ambacho kituo kilipata kutoka vyanzo visivyo vya serikali hiyo, ikiwemo misaada hiyo ya chuo. Kwa hiyo kituo kilikuwa na sababu ya kuikadiria misaada hiyo kwa kiwango cha juu, na ukaguzi wa mkaguzi mkuu wa CPB uligundua zaidi ya mara moja vituo vilivyozidisha. Si lazima uwe wizi. Mara nyingi ni kanuni ngumu iliyosomwa vibaya, au ofisi ya chuo iliyotoa makadirio bila kuwauliza watu wa redio.

Mimi si mhasibu. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa kutoka Kilimanjaro, mhasibu mstaafu, ambaye jamii yetu ya Waafrika Mashariki pale mjini humheshimu kama baba. Nilimpelekea taarifa za miaka minne, nikamwamkia, nikamwambia, “Mzee, mimi naona tarakimu tu.” Alivaa miwani, akazipanga karatasi zile mezani kama mtu anayepanga karata, mwaka juu ya mwaka, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja. “Mwanangu,” akasema, “achana na jumla kubwa ile ya chini. Tafuta mstari ambao mwaka huu una jina hili na mwakani una jina lingine.” Mwaka wa kwanza palikuwa pameandikwa fedha za wasia zenye masharti. Mwaka uliofuata mstari ule haukuwepo, na badala yake kulikuwa na ongezeko katika akiba ya jumla, karibu kiasi kilekile. Mwaka wa tatu akiba hiyo ilikuwa imepungua, na gharama za ukarabati wa mnara zimepanda. Tulikaa kimya kidogo. Kisha akaniambia nisitumie neno “kuiba” mahali popote mpaka nipate barua iliyohamisha fedha ile.

Tuliiomba barua hiyo kwa sheria ya kumbukumbu za umma ya jimbo, ambayo chuo cha serikali kinabanwa nayo. Ombi letu la kwanza lilikuwa baya: tuliomba “nyaraka zote zinazohusu fedha za redio”, tukajibiwa kwamba kazi hiyo itachukua miezi na tutalipishwa gharama. La pili lilitaja jina la mfuko, tarehe mbili, na ofisi tatu ambazo zingeweza kuwa na barua, na majibu yakaja baada ya wiki sita. Basi uombe kitu kimoja kinachojulikana, utaje mwaka na ofisi, uwe na nakala ya kila unachotuma, na lugha iwe ya heshima, kwa sababu barua yako nayo inaweza kuja kusomwa na watu wengine. Ikiwa redio ni ya chuo binafsi, kwa kawaida sheria hiyo haikusaidii. Huko utategemea hesabu zilizokaguliwa, faili la umma ambalo kila kituo hutakiwa kuliweka katika tovuti ya FCC, na Fomu 990, yaani taarifa ya mwaka ambayo taasisi ya hisani huwasilisha kwa mamlaka ya kodi, kama kuna taasisi ya namna hiyo inayokusanya michango.

Barua tuliyoipata ilionyesha kwamba aliyehamisha fedha za wasia alikuwa ofisi ya fedha ya chuo, mwishoni mwa mwaka wa fedha, ili kuziba pengo la redio. Mkuu wa kituo alijulishwa, naye hakupinga wala hakuiambia kamati. Kwa hiyo kosa lilikuwepo, na lilikuwa zito, kwani sharti la marehemu lilivunjwa, lakini halikuwa kosa tulilokuwa tukilitangaza. Wakaguzi wa ndani wa chuo walikubali hoja yetu na sehemu kubwa ya fedha ikarudishwa kwenye mfuko wake. Mkuu wa kituo aliondoka mwaka huohuo bila maelezo. Sijawahi kupata nafasi ya kumwomba radhi kwa yale ya safari.

Nguvu ya wasikilizaji ipo, hata bila kuwa na leseni. Mwaka 2004 WBUR, redio ya Boston University, ilipotangaza kuiuza WRNI, redio ya Rhode Island ambayo watu wa jimbo hilo walikuwa wameichangia, kelele zilifika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, ambaye alianza kuulizia. Mwezi Oktoba mwaka huo meneja mkuu aliyekuwa ameiongoza WBUR tangu 1979 alijiuzulu, huku chuo kikichunguza uendeshaji wake. Mwishowe WRNI ilibaki kuwa redio ya umma, chini ya watu wa Rhode Island wenyewe.

Lakini usiitegemee sana kamati ya ushauri. Nasema hivi kwa uchungu, maana niliipenda ile yetu. Sheria ya utangazaji wa umma ya mwaka 1967, kama ilivyorekebishwa, ililazimisha vituo vinavyopokea ruzuku ya CPB viwe na kamati hiyo, lakini ikavisamehe vituo vinavyomilikiwa na majimbo na taasisi zake. Ya kwetu ilikuwepo kwa hisani ya chuo, na ingeweza kuvunjwa kwa barua ya nusu ukurasa. Sharti la mikutano ya wazi na hesabu za wazi nalo lilishikiliwa na ruzuku, na baada ya fedha kufutwa CPB ilitangaza Agosti 2025 kwamba inafunga shughuli zake. Kituo kilichokuwa kikiweka hesabu zake mtandaoni kwa kuogopa kukosa ruzuku sasa hakina wa kumwogopa isipokuwa wewe. Kwa hiyo pakua sasa taarifa za miaka iliyopita zilizo kwenye tovuti ya redio yako, uzihifadhi, kwani bila mwaka wa jana huwezi kuuona mstari uliohama mwaka huu.

Kwa wanaofanya kazi ndani, hasa vijana wetu walio huku kwa viza inayotegemea ajira, nasema kwa uwazi kwamba hatari yenu si sawa na yetu. Msitoe nyaraka nje kwa pupa. Andikeni mnachokiona kwa tarehe, mpelekeeni mkaguzi wa ndani wa chuo kwanza, na mzungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya mwandishi wa habari. Msikilizaji anaweza kuuliza swali lilelile hadharani, na asipoteze chochote.

Nyumbani nako vyuo vina redio zake, kama Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ile ya SAUT kule Mwanza. Mazingira ya sheria ni tofauti na sitaki kuyalinganisha kijuujuu, ila swali la nani mwenye leseni na fedha zinakaa akaunti ya nani linafaa kuulizwa huko pia.

Sasa nikipokea simu wakati wa kampeni na mtu akiniuliza fedha yake itakwenda wapi, namwambia kwamba mchango wa kawaida huingia mfuko wa jumla, na chuo ndicho chenye kauli ya mwisho juu yake. Akitaka uende kwenye habari za mji, namshauri aandike sharti hilo kwenye barua, alirudie kwenye hundi, aombe risiti inayolitaja kwa maneno yaleyale, na aweke kipengele kinachosema fedha irudishwe au ihamishiwe kwingine lisipotimizwa ndani ya miaka miwili. Kwa mchango wa dola 10 jambo hilo ni usumbufu mtupu. Kwa wasia, nisingemruhusu mzazi wangu kutia sahihi bila kipengele hicho.