Je, nisiposhika Sabato na sheria ya vyakula sihesabiwi haki?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa Moshi, anauza mitumba Memorial. Alijiunga na kikundi cha maombi wakamfundisha kwamba kumwamini Yesu ni mwanzo tu, haki kamili, yaani Mungu kukukubali kuwa mwenye haki, unaipata ukishika sheria ya Musa, Sabato na vyakula. Sasa Jumamosi hafungui biashara, akipanda Marangu kwa mama mkwe anabeba hotpoti lake maana masufuria ya kule yamepikiwa kitimoto, na kinachomliza zaidi wamemwambia marehemu mama yake, aliyesali Jumapili maisha yake yote, alikufa bila haki.

Dada yangu pole sana. Swali lako limeninyima usingizi, hasa hapo kwa mama.

Jibu lenyewe unalijua, Wagalatia 2:16, mtu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria bali kwa imani. Ila ebu angalia hayo maneno yametokea kwenye ugomvi gani. Petro alikuwa Antiokia anakula na watu wa Mataifa, wasio Wayahudi, vizuri tu, wakaja Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaogopa, akajitenga, mpaka Barnaba naye akachukuliwa. Paulo akamkemea mbele ya wote. Yaani fundisho hili Paulo analieleza pale kwa sababu Wakristo wameacha kula pamoja, ndio hicho hicho kinachotokea jikoni kwa mama mkwe wako!

Sasa hao wanaosema imani inaanza halafu sheria inakamilisha, Wagalatia 3:3 inawajibu: "Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Mtazame Ibrahimu. Kahesabiwa haki Mwanzo 15, kutahiriwa ni Mwanzo 17 akiwa na miaka 99, na hapo katikati Ishmaeli kashazaliwa na kufika miaka 13. Torati yenyewe, kwa hesabu ya Paulo, imekuja miaka 430 baada ya ahadi. Sasa haki ya Ibrahimu ilikamilishwa na Sabato ipi ya Sinai?

Na kama ni sheria basi washike yote, maana Yakobo 2:10 anasema ukijikwaa kwenye neno moja umekosa juu ya yote. Kutoka 35:3 inakataza kuwasha moto siku ya Sabato, waulize chai ya Jumamosi asubuhi wanapasha na nini. Walawi 19:19 inakataza nguo ya nyuzi za namna mbili, we mwenyewe soma lebo za mashati unayouza, pamba na poliesta humo humo, mbona hilo hawakukufundisha? Wamechagua mbili tatu wanazoziweza, halafu wanazitumia kuhukumu marehemu. Hili linaniumiza kweli.

Watakuletea Yakobo 2:24, kwamba mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Waambie warudi mstari wa 15, matendo anayoyadai Yakobo ni kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa.

Siwasemi ndugu zetu Wasabato, wengi huko Upareni watakwambia wazi wanaokolewa kwa neema na siku wanaishika kwa kumpenda Bwana. Wala sisemi ishi unavyotaka, Waefeso 2:10 ipo pale pale, tumeumbwa tutende mema. Ukipenda kupumzika Jumamosi pumzika, kitimoto kama roho haitaki usile, Warumi 14 inakuruhusu. Ila usiseme ndio haki yako.

Mama yako alimwamini Kristo, basi yuko mikononi mwa Kristo, hakuna kikundi chenye mamlaka ya kumtoa humo. Kwa mama mkwe nenda ukae mezani, hata kama ni ndizi tu utakula, na umwombe radhi kwa yale masufuria, atakuelewa. Habari ya biashara zungumza na mumeo, ada za watoto zisiende kwa hofu.

Kikundi usitoke kwa matusi. Wasomee Wagalatia yote, ni sura 6 tu, wakikataa kusoma hapo utajua la kufanya, na mchungaji wako wa usharika umweleze, usibaki na hili peke yako.